Rejista za Biti 512, Amri za Biti 256
Hotuba kwa waandishi wa programu, Dodoma

Mbukwenyi! Wahadhiri wetu, wanafunzi, na ndugu zangu mnaoandika na kutunza programu katika ofisi za hapa Dodoma, asanteni kwa kufika.

Tuanze na swali moja. Umepewa seva ambayo prosesa yake ina rejista za vekta za biti 512, yaani nafasi ndani ya prosesa zinazoshika namba kadhaa zishughulikiwe kwa amri moja. Umeandika kitanzi cha C kinachopita juu ya safu ya namba, ukakompaili kwa -O3 -march=native (uboreshaji mkubwa, na ruhusa ya kutumia amri zote za mashine hii), kisha ukafungua amri za mashine zilizotoka na kuzisoma. Unakuta ymm kila mahali, yaani rejista za biti 256. Zile pana, zmm, hazimo hata moja. Kompaila, programu inayogeuza msimbo wako kuwa amri za mashine, imekosea?

Mara nyingi haijakosea. Imepiga hesabu ya gharama, na hesabu hiyo ina sababu zake. Tatizo ni kwamba imepiga hesabu bila kujua mambo ambayo wewe unayajua vizuri: safu zako zina urefu gani, zinaanzia wapi kwenye memori, namba zako zinahitaji biti ngapi hasa, na prosesa ile ile inahudumia kazi gani nyingine. Kabla ya kuilazimisha upana, ipe habari hizo. Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, na muda uliobaki ni wa kuonyesha inafanyikaje.

Rejista ya vekta ichukulieni kama kreti ya soda. Ina vyumba vilivyo sawa, kila chumba chupa moja, na kreti nzima hunyanyuliwa kwa mara moja. Floti, yaani namba ya desimali ya biti 32, inaingia mara 4 katika rejista ya biti 128, mara 8 katika 256, mara 16 katika 512. Namba ya desimali ya biti 64 inaingia nusu ya hapo. Baiti moja moja zinaingia 16, 32 au 64. Chupa zisizojaza kreti hubebwa mkononi, moja moja, na hapo ndipo hesabu nyingi zinapoharibika, kama tutakavyoona.

Kwa upande wa Intel, upana ulikua kupitia makundi ya amri za vekta yaliyofuatana: biti 128 zilikuja na SSE kwenye Pentium III mwaka 1999, na SSE2 ikafuata mwaka 2000. AVX ilileta biti 256 kwa namba za desimali mwaka 2011, AVX2 ikazileta kwa namba kamili mwaka 2013, na AVX-512 ikaingia kwenye Xeon za kawaida, prosesa za Intel za seva, mwaka 2017. Kila prosesa ya x86 ya biti 64 ina SSE2, kwa hiyo kompaila isiyoambiwa kitu hutoa biti 128 tu. Ukikompaili kwa -O3 bila -march yoyote, una kreti ya vyumba vinne hata kama mashine ina ya kumi na sita. Hilo ndilo kosa la kwanza la kuangalia, kabla ya kosa lingine lolote.

Sasa tuingie ndani ya kompaila yenyewe.

Kwanza inauliza kama kuvektisha, yaani kugeuza kitanzi kitumie rejista za vekta, kunaruhusiwa. Je, mzunguko wa sasa unategemea matokeo ya mzunguko uliotangulia? Je, pointa mbili, yaani anwani za memori, zinaweza kuelekea mahali pale pale? Je, kuna wito wa fanksheni ambayo haijulikani inafanya nini? Kitanzi kikikwama hapa, upana haujadiliwi kabisa. Kikipita, ndipo inaanza kutafuta upana, na hapo kompaila mbili tunazozitumia zaidi, GCC na Clang, zinaachana njia.

Clang, kupitia LLVM, mfumo iliyojengwa juu yake, hutafuta kwanza upana wa juu kabisa: inachukua upana wa rejista inayopendelewa na kuugawa kwa aina pana zaidi ya data iliyomo ndani ya kitanzi. Kisha inapanga wagombea, 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi kikomo hicho, na kwa kila mmoja inajumlisha gharama ya amri zote za mzunguko mmoja kutoka kwenye jedwali la prosesa husika, halafu inagawa kwa idadi ya vyumba. Mwenye gharama ndogo kwa chumba kimoja ndiye anayeshinda. Baada ya hapo inaamua kitu cha pili, kinachosahaulika sana: ifungamanishe nakala ngapi za mzunguko huo ili prosesa isikae ikisubiri amri moja imalizike. Ripoti yake ikisema upana 8 na ufungamanishaji 4, maana yake kila mzunguko unakula namba 32.

GCC kwa kawaida huanzia upande wa pili, kwenye aina nyembamba zaidi. Chukueni kitanzi kinachojumlisha baiti za picha ya setilaiti ndani ya namba kamili ya biti 32, mashine ikiwa ya AVX2. Clang, kwa kufuata biti 32, itasema 256 gawanya kwa 32, yaani namba 8 kwa kila vekta. GCC, kwa kufuata baiti, itapakia 32 kwa mara moja kisha itazisambaza kwenye vekta nne za biti 32. Kitanzi ni kile kile na mashine ni ile ile, ila maamuzi ni mawili. Jambo la pili kuhusu GCC: kwenye x86, kwa muda mrefu imekuwa haishindanishi upana wote. Inaanza na ule inaoupendelea, na ukikubalika na kuonekana nafuu kuliko msimbo wa kawaida, inaushika huo huo na kuacha kutafuta. Ndiyo maana swichi ya upendeleo, ambayo tutaifikia, ina nguvu kubwa kuliko inavyoonekana.

Kutokana na hili, ushauri wa kwanza unaofanya kazi kila siku: aina moja pana ndani ya kitanzi inaweza kukunyima nusu ya vyumba. Mtu ana safu ya floti anaizidisha kwa 0.2. Ameandika 0.2, hakuandika 0.2f. Katika C, 0.2 ni ya biti 64, hivyo kila floti inapanuliwa, inazidishwa, kisha inapunguzwa tena. Vyumba 8 vimekuwa 4, na juu yake kuna amri mbili za kubadilisha aina. Herufi moja tu imekosekana.

Kwa wenzetu wanaohesabu shilingi kwa namba kamili za biti 64, na mnafanya vyema kutotumia desimali kwa fedha, jueni kwamba AVX2 haina amri ya kuzidisha biti 64 kwa biti 64. Kompaila huiiga kwa mizidisho mitatu ya biti 32 pamoja na kuhamisha biti na kujumlisha. Amri kamili ilikuja na AVX-512, katika kile kipande kinachoitwa DQ. Kwa hiyo kompaila inaweza kukataa kuvektisha hesabu ya riba au kodi kwa AVX2 na ikawa na haki: vyumba vinne tu, na kila kimoja kina gharama kubwa. Kama kiasi chako kinatosha biti 32 kabla ya kuzidisha, kitangaze hivyo na ukipanue wakati wa kuzidisha. Hapo kompaila inapata mzidisho mmoja badala ya mitatu.

Sasa tufike mahali ninapotaka tukae kidogo, yaani urefu wa kitanzi.

Tuchukue kazi inayoeleweka hapa kwetu, mahali ambapo mvua ni msimu mmoja na kila milimita ina maana kwa mtama na kwa zabibu. Una kipimamvua ambacho kila kikombe kikipinduka kinahesabu milimita 0.2. Kwa kila kituo una safu ya mwaka, siku 365, kila siku idadi ya mapinduko ikiwa floti. Unazidisha kila namba kwa 0.2f na kuandika safu nyingine. Ni kitanzi chepesi kuliko vyote.

Kwa biti 256, vyumba 8, bila ufungamanishaji: 365 gawanya kwa 8 ni 45, inabaki 5. Jumla mizidisho 50. Kwa biti 512, vyumba 16: mara 22, inabaki 13. Jumla 35. Mpaka hapa kilicho pana kinashinda.

Sasa kompaila inaongeza ufungamanishaji wa 4, kama ilivyo desturi kwa kitanzi chepesi. Kwa biti 256 kila mzunguko unakula 32: mizunguko 11 inamaliza 352, yaani mizidisho 44 ya vekta, na 13 zinabaki za mkononi. Jumla 57. Kwa biti 512 kila mzunguko unakula 64: mizunguko 5 inamaliza 320, mizidisho 20 ya vekta, na zinabaki 45 za mkononi. Jumla 65. Rejista imekuwa pana mara mbili na kazi imeongezeka. Ukiangalia tu sehemu kuu ya kitanzi kwenye ripoti, unaona namba nzuri sana. Muda wenyewe unaliwa na mkia, yaani zile namba zinazobaki za mkononi.

Kompaila za sasa zinajua hili, na zina dawa mbili. Moja ni kuvektisha mkia wenyewe kwa upana mdogo: zile 45 zinapitiwa kwa vyumba 8 mara 5, zinabaki 5, na jumla inashuka hadi 30. Nyingine ni maski za AVX-512, ambapo mzunguko wa mwisho unafanyika kwa vekta nzima lakini vyumba visivyo na chupa vinazimwa. Hapo 365 inakwisha kwa mizidisho 23 ya vyumba 16 bila mkia wowote. Ila maski si bure, hasa wakati wa kuandika kwenye memori, na kompaila haiwezi kuchagua vizuri kama haijui n ni ngapi.

Kwa hiyo mwambie. Kama n ni 365 daima, iandike kama namba isiyobadilika, usiipitishe kama kigezo. Kama inabadilika lakini kwa kawaida ni ndogo, tumia wasifu wa uendeshaji: kompaili kwa -fprofile-generate, endesha programu kwa data ya kweli, kompaili tena kwa -fprofile-use. Usiichoke hatua hii. Data ya majaribio yenye namba milioni moja itaifundisha kompaila upana usiofaa kwa safu za 365.

Na kama safu ni zako mwenyewe, iongeze hadi 368. Namba 368 ni 8 mara 46 na ni 16 mara 23. Sifuri tatu mwishoni, na mkia umetoweka kwa vyumba 8 na kwa 16. Kwa floti hizo ni baiti 1472, sawa na baiti 64 mara 23, kwa hiyo aligned_alloc(64, 1472) inakubali bila ubishi na inakupa mwanzo uliokaa sawa. Kisha umwambie Clang kwa __builtin_assume(n % 16 == 0); kwa GCC andika sharti kwamba n isipogawanyika kwa 16, njia hiyo ni __builtin_unreachable(). Ahadi hiyo iwe ya kweli. Ukiivunja, kompaila imeshafuta msimbo wa mkia, na programu itaandika nje ya safu au itaacha namba bila kuhesabiwa, kimya kimya.

Safu za miezi 12 zina somo lake. Vyumba 16 havijai hata mara moja, kwa hiyo msimbo wa upana huo bila maski unapitwa wote na kazi inafanyika namba moja moja. Vyumba 8 vinajaa mara moja, zinabaki 4. Vyumba 4 vinajaa mara tatu kamili bila baki. Kwa data ya miezi, biti 128 za mwaka 1999 ndizo zinazokaa vizuri kuliko zote.

Nataja hapa pia kwamba GCC ilipoanza kuvektisha kwa -O2, katika toleo la 12, ilikuja na masharti makali: ivektishe tu pale ambapo msimbo wa vekta unachukua nafasi ya ule wa kawaida kabisa, bila mkia wala ukaguzi wakati wa kuendesha. Namba 365 haigawanyiki kwa 4, kwa 8, wala kwa 16. Kwa masharti hayo, yaliyolegezwa katika toleo la 15, ulikuwa hupati vekta, na hakuna onyo. Namba 368 ilipita. Clang huvektisha kwa -O2 kwa kulinganisha gharama kama kawaida.

Turudi kwenye swali la mwanzo: kwa nini 256 wakati mashine ina 512?

Sababu ya kwanza ni joto na umeme. Kwenye Xeon za kizazi cha 2017, kiini (core) cha prosesa kikianza amri nzito za biti 512, hasa mizidisho na hesabu za desimali, kinashusha kasi ya saa yake. Hakirudi juu papo hapo amri hizo zikiisha, kinasubiri kwanza. Kitanzi chako kidogo kinaweza kufaidika kwa asilimia kadhaa, lakini msimbo wote unaofuata kwenye kiini hicho, ambao hauna vekta hata moja, unatembea polepole kwa muda huo. Kwenye seva inayohudumia maombi ya watu, kitanzi kifupi kinachoitwa hapa na pale ndicho kibaya zaidi: hakikai muda wa kutosha kulipa gharama, na kinaiacha kasi imeshuka kwa wengine. Jedwali la gharama la kompaila linahesabu amri za kitanzi chako peke yake. Halimwoni jirani. Ndiyo maana waandishi wa GCC, kisha wa LLVM, waliamua kwamba kwa -march=skylake-avx512, yaani kizazi hicho cha 2017, upendeleo uwe 256. Kuanzia kizazi cha Ice Lake adhabu hii ilipungua sana, na hapo hesabu inastahili kurudiwa upya.

Ya pili ni vitengo vya kukokotoa. Kwenye Xeon hizo, vitengo viwili vya biti 256 huungana kuwa kimoja cha biti 512. Aina za juu zina kitengo cha ziada cha 512. Aina nyingi za bei nafuu hazina. Asiye nacho anapata floti 16 zilizozidishwa na kujumlishwa kwa kila pigo la saa kwa njia zote mbili, 8 mara 2 au 16 mara 1. Kipimo cha juu kabisa hakijabadilika. AMD Zen 4 ya mwaka 2022 inapokea amri za biti 512 na kuzipitisha kwenye njia za biti 256 kwa vipande viwili. Faida yake inatoka kwenye uchache wa amri za kusoma na kupanga, na haishushi kasi kwa namna ile. Zen 5 za mezani na za seva zina njia kamili za 512. Kwa hiyo jibu la swali "512 ni bora?" lina jina la prosesa ndani yake. Tazameni jina hilo kwa lscpu, amri ya Linux inayoonyesha prosesa, kabla ya kubishana.

Ya tatu haizungumzwi vya kutosha. Mstari wa kashe, ile memori ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, una baiti 64, sawasawa na biti 512. Memori inayotoka kwa malloc ya kawaida ya glibc, maktaba ya C ya Linux, imepangwa kwa baiti 16 tu. Safu isipoanza kwenye mpaka wa 64, kila upakiaji wa biti 512 utakata mistari miwili ya kashe. Kila mmoja, bila kukosa. Kwa biti 256 utakata mmoja kati ya miwili, tena ikiwa safu haikukaa kwenye mpaka wa 32. Wanaojaribu 512 wakakuta hakuna tofauti, wengi wao wamekwamia hapa. Dawa ni ile aligned_alloc niliyoitaja, nayo ni mstari mmoja wa msimbo.

Ya nne: safu kubwa zisizoenea kwenye kashe. Kujumlisha safu mbili za floti na kuandika ya tatu kunasafirisha baiti 12 kwa kila namba, na mara nyingi 16, kwa sababu prosesa husoma mstari kabla ya kuuandikia. Kwa kila baiti 16 unafanya jumlisho moja. Hapo RAM ndiyo inayoamua kasi, na upana wa 128 utalingana na 512. Shughulikia mpangilio wa data kwanza, uunganishe vitanzi vinavyopita safu ile ile mara mbili, ndipo urudi kwenye upana.

Swichi yenyewe ni -mprefer-vector-width, inayopokea 128, 256 au 512, na ipo kwenye kompaila zote mbili. Maana yake ielewekeni vizuri. Ni upendeleo kwa msimbo ambao kompaila inautunga yenyewe. Haigusi amri ulizoandika kwa mkono wako, wala haizimi AVX-512. Ukiweka 256 kwenye mashine ya AVX-512 bado unapata rejista 32 badala ya 16, pamoja na maski, kwa upana wa 256. Kwa seva yenye kazi mchanganyiko, naona huo ndio mpangilio mzuri wa kuanzia. Hesabu ndefu za kisayansi zinazokaa kwenye kiini kwa dakika nzima ndizo za kujaribiwa kwa 512.

Kuna pia kulazimisha kitanzi kimoja kwa pragma, yaani agizo kwa kompaila linaloandikwa ndani ya msimbo. Clang inakubali #pragma clang loop vectorize_width(16), na kompaila zote mbili zinakubali #pragma omp simd simdlen(16) ukiwasha -fopenmp-simd. Hapa pana mtego unaohusu usahihi wa majibu. Jumla ya floti kwa kawaida haivektishwi, kwa sababu kujumlisha kwa mpangilio tofauti kunabadilisha tarakimu za mwisho, na kompaila haina ruhusa ya kufanya hivyo bila -ffast-math au -fassociative-math. Lakini ukiilazimisha Clang kwa pragma hiyo, inachukulia kwamba umeiruhusu kubadili mpangilio. Vyumba 8 vinatoa jumla ndogo 8 zinazounganishwa mwishoni; vyumba 16 vinatoa 16. Mashine mbili zenye upana tofauti zitatoa jumla mbili zinazopishana kidogo kutoka kwenye faili moja la data. Kwa wastani wa mvua hilo linavumilika. Kwa ripoti inayopaswa kulingana herufi kwa herufi na ya mwaka jana, halivumiliki, na mkaguzi ana haki ya kuuliza. Heri useme wazi kwa #pragma omp simd reduction(+:jumla), ili anayesoma msimbo aone kwamba ruhusa ilitolewa kwa makusudi.

Pointa nazo zina gharama yake. Fanksheni inayopokea pointa tatu bila neno restrict inailazimu kompaila kuweka ukaguzi wakati wa kuendesha: je, safu hizi zinapishana? Kwa n kubwa ukaguzi hauonekani. Kwa n ya 12 unazidi kazi yenyewe. Weka restrict, ila tu kama kweli hazipishani. Na usomaji wa kurukaruka, kwa mfano jedwali linalotafutwa kwa faharasa, hutumia amri za kukusanya ambazo ndani yake zinasoma chumba kimoja kimoja. Kupanua hakusaidii sana. Baada ya udhaifu wa usalama ulioitwa Downfall kutangazwa mwaka 2023, marekebisho ya Intel yalizifanya amri hizo kuwa nzito zaidi kwenye prosesa zilizoathirika.

Sasa upande wa kupeleka programu kwenye mashine za watu. Mtu anakompaili kwa -march=native kwenye kompyuta mpya, anapeleka faili wilayani kwenye mashine ya zamani, na programu inakufa kwa ujumbe wa "Illegal instruction". Hilo angalau linaonekana. Lililo baya zaidi ni hili: unakompaili faili moja tu kwa AVX-512 na mengine kwa kawaida, ukijua kwamba faili hilo linaitwa baada ya kukagua prosesa. Ndani yake umejumuisha faili la vichwa lenye fanksheni za inline za C++. Linka, programu inayounganisha mafaili yaliyokompailiwa, inakuta nakala mbili za fanksheni ile ile, inachukua moja, na inaweza kuwa ile ya AVX-512. Programu inaanguka mahali pasipohusiana na vekta, kwenye baadhi ya mashine, baada ya kubadili tu mpangilio wa mafaili kwenye linka. Faili la namna hiyo liwe na fanksheni za C tupu, au zote ziwe static. Njia safi zaidi ni target_clones: juu ya fanksheni andika __attribute__((target_clones("avx512f","avx2","default"))), na kompaila itatoa nakala tatu zinazochaguliwa programu inapoanza. Iweke kwenye fanksheni yenye kitanzi kizima. Ukiiweka kwenye kifanksheni kinachoitwa ndani ya kitanzi, wito hauwezi tena kumezwa na kitanzi, na umepoteza ulichokuwa unakitafuta.

Nimezungumza x86 kwa sababu ndiyo iliyo kwenye seva zetu nyingi, lakini simu mifukoni mwenu ni za ARM. Kule amri za vekta zinaitwa NEON, nazo ni biti 128, kwa hiyo mjadala wa upana ni mfupi. Swali linahamia kwenye ufungamanishaji. SVE, kundi jingine la amri za vekta za ARM lililotangazwa mwaka 2016, inaruhusu mtengenezaji kuchagua kati ya biti 128 na 2048, na msimbo mmoja unaendeshwa kwenye upana wowote, mkia ukishughulikiwa kwa maski. A64FX ya Fujitsu ilichagua 512, Neoverse V1 256, na Neoverse V2 ikarudi 128 lakini ikiwa na njia nne. RISC-V, muundo mwingine wa prosesa ambao sehemu yake ya vekta iliidhinishwa mwaka 2021, inafanana na hiyo na inaongeza uwezo wa kuunganisha rejista 2, 4 au 8 zikawa moja. Huko kompaila inapima kitu kingine: kundi la 8 linaacha makundi manne tu kati ya rejista 32, na kitanzi chenye namba nyingi za kushikilia kitaanza kumwaga rejista kwenye memori.

Mnaporudi kwenye mashine zenu, anzeni na ripoti. Kwa GCC ongezeni -fopt-info-vec na -fopt-info-vec-missed; kwa Clang -Rpass=loop-vectorize, -Rpass-missed=loop-vectorize na -Rpass-analysis=loop-vectorize. Ya mwisho ndiyo inayosema sababu. Kisha pitisheni objdump -d, inayoonyesha amri za mashine, na mtafute xmm (biti 128), ymm na zmm ndani ya fanksheni husika. Angalieni pia herufi za mwisho za jina la amri: xmm yenye amri ya mulss ni namba moja tu, yenye mulps ni nne. Wengi huona xmm wakadhani kuna vekta, na hakuna. Mkishaona upana uliotumika, pimeni kwa n yenu ya kweli, kwenye prosesa itakayoendesha programu, mkiwa mmewasha pia kazi nyingine ambazo kwa kawaida zinaendeshwa pamoja nayo, na mbadilishe kitu kimoja kwa kila kipimo: kwanza aina ya data, kisha mpangilio wa memori, kisha urefu wa safu, na swichi ya upana iwe ya mwisho.